Televisheni Inayojizima: Tuikague Plagi Kabla ya Kumshuku Wifi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wasomaji, juma lililopita tulizungumza juu ya haki za jamaa, tukaahidi kuendelea na mlango huo. Leo twaendelea nao, ila tutaupitia mahali ambapo huenda wengi hamkupatazamia, napo ni kwenye televisheni ya ukumbini. Twajua wako watakaouliza: shekhe na televisheni, wapi na wapi? Jawabu letu ni kwamba chombo hiki kimo majumbani mwetu, tupende tusipende. Katika Ramadhani ndicho kinachotuletea tarawehe za Makka, na siku nyingine ndicho kinachowakalisha watoto chini hadi mama amalize kukuna nazi. Na chombo kilichomo nyumbani kikiharibika, pengine huharibu na mengine yasiyokuwa ya chombo. Hilo tulilishuhudia kwa macho yetu mwezi uliopita.

Kisa chenyewe

Tuliitwa katika nyumba moja huko Kisauni baada ya sala ya isha. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mumewe yuko Uarabuni kwa kazi, naye anaishi na watoto wanne. Tulipofika tuliwakuta wote wamejikunyata chumba kimoja, na ukumbini televisheni imegeuzwa uso ukutani na kufunikwa kanga, kama anavyofunikwa maiti.

"Maalim," akatuambia, "nyumba hii imeingiliwa. Leo siku ya kumi na mbili. Televisheni yajizima yenyewe, yajiwasha yenyewe. Usiku wa manane tumelala, ghafla ukumbi wote mwangaza, na hakuna mtu."

Tukamuuliza ilianza lini. Akasema ilianza kesho yake baada ya kuzuriwa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja na wageni kutoka Malindi. Wifi alikaa, akaitazama televisheni, kisha akasema mbele ya wageni, "Kumbe pesa za kaka zaishia hapa." Hakusema mashaallah. Usiku uliofuata mambo yakaanza.

Tangu siku hiyo mama huyu hakupokea simu ya wifi yake. Alikwenda kwa mpiga ramli, akatozwa shilingi 3,500, akaambiwa mwenye jicho ni "mwanamke wa karibu, wa upande wa mume." Habari hiyo akamfikishia mumewe ng'ambo. Mume akampigia dada yake, wakatoleana maneno mazito, na fedha alizokuwa akimpelekea dada huyo kwa ajili ya dawa za mama yao mzee zikasimama. Haya yote kwa sababu ya televisheni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameitazama nyuma yake.

Tulisoma. Tulisoma Alfatiha, Ayatul Kursiy na sura mbili za kinga, tukaomba dua pamoja na watoto. Hatukumkejeli mama yule, wala hatumkejeli msomaji yeyote mwenye hofu kama yake. Jicho ni kweli, Mtume (S.A.W.) amelithibitisha, na kisomo ni kinga ya Muislamu. Lakini kuthibitika kwa jicho hakumpi mtu ruhusa ya kumtaja mwenye jicho kwa kubahatisha, seuze kwa ramli, ambayo tumetahadharishwa nayo kwa ukali mkubwa. Basi tulipokwisha kusoma tukasema, "Sasa igeuzeni tuione mgongo."

Jua lilipopatwa

Kabla ya kueleza tulichokiona, tukumbushane jambo moja. Katika mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, aliyezaliwa na Bibi Mariya. Siku hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa kifo cha mwana wa Mtume. Tazameni: maneno hayo yalikuwa ya kumtukuza, na yeye alikuwa katika majonzi ya kuzika mtoto. Pamoja na hayo hakuyaacha yapite. Aliwasalisha watu sala ya kupatwa, kisha akawafundisha kwamba jua na mwezi ni katika alama za Mola, hufuata amri yake, na havimsubiri mtu afe wala azaliwe.

Funzo lake ni kwamba mambo mawili kutokea kwa pamoja si dalili kwamba moja limesababisha jingine. Wifi alikuja Jumamosi, televisheni ikaharibika Jumapili. Jua lilipatwa, mtoto akafa. Ikiwa hatukuruhusiwa kuunganisha mambo kwa dhana hata pale inapomtukuza Mtume, vipi tuyaunganishe ili kumdhalilisha ndugu?

Tulichokiona mgongoni

Televisheni ile ilikuwa imesukumwa pembeni kabisa hadi imegusa ukuta. Juu yake palitandikwa kitambaa cha kroshia, kizuri cha kushonwa kwa mkono, kilichoteremka na kuziba matundu yote ya kutolea joto. Vumbi limeshikana ndani ya matundu kama sufi. Waya wake uliingia katika ekstensheni moja pamoja na friji na pasi. Tulipoigusa plagi, ilikuwa ya moto, na mguu wake mmoja umefanya weusi.

Tukauliza, "Ilikuwa hapa siku zote?" Mtoto wa pili, binti wa miaka kumi na mmoja, akajibu kabla ya mama yake: "La, Maalim. Tuliisogeza siku waliyokuja wageni, ili wapate pa kukaa."

Mama akanyamaza. Basi kweli mambo yalianza na ugeni ule, lakini si kwa jicho la mgeni. Yalianza kwa sababu meza ilihamishwa.

Tuanze nje kabla ya ndani

Tangu siku ile tumekuwa tukiulizauliza mafundi, na tumeona ni vyema kuwapa wasomaji, khasa akina mama ambao waume zao wako kazini au safarini, utaratibu wa kufuata televisheni inapojizima na kujiwasha. Utaratibu huu hauhitaji kufungua hata skurubu moja.

Kwanza, tutazame umeme wenyewe. Umeme wa nchini mwetu hukusudiwa kufika nyumbani kwa volti 240, lakini kwenye mitaa iliyosongamana hushuka nyakati za magharibi watu wanapopika na kupiga pasi. Wenye kile kifaa cha kulinda televisheni, ambacho wengi hukiita tivi-gadi, wakitazame taa zake. Kifaa hicho hukata umeme unaposhuka au kupanda kupita kiasi, husubiri kidogo, kisha huurudisha. Ikiwa televisheni huzimika pale pale taa ya kifaa inapobadilika, basi televisheni haina kosa. Kosa ni la umeme, au la kifaa chenyewe.

Pili, plagi na soketi. Tuzime swichi ya ukutani, tuchomoe, tutazame. Plagi iliyofanya weusi, iliyoyeyuka au iliyolegea ibadilishwe, maana huleta moto wa nyumba na si uharibifu wa televisheni peke yake. Sisi wa pwani tuna mtihani wa ziada: hewa yetu ina chumvi, na chumvi hula shaba mpaka ikafanya kutu ya kijani. Kisha televisheni ichomekwe peke yake katika soketi nyingine ya ukutani, bila ekstensheni, na friji ipewe soketi yake. Na tujue kwamba televisheni nyingi, umeme ukikatika na kurudi, huwaka zenyewe. Plagi iliyolegea hukata na kuunga usiku kucha. Huo ndio mwangaza wa usiku wa manane, wala hapana kiumbe aliyekuja kutazama vipindi.

Tatu, rimoti. Kitufe cha kuwashia kikinasa kwa uchafu, au kwa chai iliyomwagikiwa na watoto, rimoti hupeleka amri bila ya kubonyezwa. Tuondoe betri kwa siku nzima, tuwashe kwa kitufe cha kwenye televisheni, tuone kama tatizo litarudi. Wenye simu za kamera waelekeze ncha ya rimoti kwenye kamera: kwa simu nyingi, taa ile ambayo jicho halioni huonekana ikimeta kwenye kioo cha simu. Ikimeta na hali hakuna aliyebonyeza, basi mchawi ni rimoti. Na kile kitufe kilichoko ubavuni au chini ya televisheni nacho hunasa. Tukibonyeze na kukiachia mara kadhaa tuone kama charudi vizuri.

Nne, king'amuzi. Tangu nchi yetu ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, nyumba nyingi zina king'amuzi kilichoungwa na televisheni kwa kebo ya HDMI. Kebo hiyo hubeba picha na sauti, na vilevile yaweza kubeba amri: king'amuzi kikizimwa, televisheni nayo hujizima, kikiamka, huiamsha. Tuichomoe kebo hiyo kwa siku moja. Tatizo likiondoka, tutafute katika mipangilio ya televisheni mahali pa kuzima amri za HDMI.

Tano, saa na mipangilio. Televisheni inayojizima baada ya muda ule ule kila mara, nusu saa kamili au saa nne kamili, si mgonjwa. Ama kuna aliyeweka saa ya kulala, ama imepangwa kujizima yenyewe isipoguswa au isipopata mawimbi. Tuulize watoto, maana aghalabu wao ndio wanaoijua rimoti kuliko sisi.

Sita, joto. Ikiwa huwaka vizuri kisha huzimika baada ya kupata moto, na ikipoa hukubali tena, tuitenge na ukuta kiasi cha kiganja kimoja, tuondoe kitambaa, na tupanguse vumbi la matundu kwa brashi laini ikiwa imechomolewa. Twajua vitambaa vile hushonwa kwa mapenzi. Vitandikwe juu ya meza. Mgongo wa televisheni uachwe wazi upumue.

Saba, tuipumzishe. Tuichomoe ukutani, tukibonyeze kitufe chake cha kuwashia kwa nusu dakika hivi, tuiache dakika kumi, kisha tuirudishe. Televisheni za siku hizi zina programu ndani yake kama simu, na programu zikikwama, televisheni hufika kwenye alama ya kampuni, huzimika, na huanza tena, na tena. Kuipumzisha huondoa mengi ya hayo. Ikiendelea, na ikiwa yakubali kuingia kwenye mipangilio, isasishwe programu yake, au irudishwe katika hali ya kiwandani.

Nane, tusikilize na kutazama. Ikiwa picha hupotea lakini sauti yaendelea, tuzime taa ya chumba na tumulike kioo kwa tochi kutoka ubavuni. Tukiona vivuli vya picha vikitembea gizani, basi taa za nyuma ya kioo ndizo zilizokufa. Ikiwa husikika mlio mdogo, tap, kisha huwaka na kuzimika mara tano au sita ndipo ikatulia, tuandike hivyo kwenye karatasi, kwani maelezo hayo ni nusu ya kazi ya fundi.

Hapo ndipo mpaka wetu. Tusifungue kifuniko cha nyuma, wala tusimwache kijana wa nyumbani akifungue kwa sababu ameona mtu akifanya hivyo kwenye simu. Ndani yake kuna chombo kinachoweka umeme wa zaidi ya volti 300, nacho chaweza kuendelea kuushika hata baada ya kuchomolewa ukutani. Zile televisheni za zamani zenye mgongo mnene ni hatari zaidi, kwani bomba lake la picha hushika maelfu kwa maelfu ya volti. Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe.

Siku ya nne

Mama yule aliyafuata haya. Plagi ikabadilishwa, friji ikapewa soketi yake, kitambaa kikahamia mezani. Mwangaza wa usiku ukakoma tangu usiku wa kwanza, na watoto wakarudi kulala vyumbani mwao. Lakini ugonjwa haukwisha wote. Kila jioni ilipowashwa, televisheni ilipiga tap, ikawaka, ikazimika, ikawaka, mara tano au sita, ndipo ikasimama. Akatupigia simu, sauti imemnyong'onyea. Tukamwambia, "Kosa la kwanza limeondoka na la pili limebaki. Sasa ni zamu ya fundi."

Fundi wa kwanza aliyepigiwa simu hakuiona hata televisheni. Alisema, "Bodi imekufa hiyo, leta 9,000, au nikuuzie nyingine niliyonayo." Fundi wa pili alikuja nyumbani, na kaka wa mama yule akawepo, kama inavyostahiki mwanamume asiyekuwa maharimu anapoingia nyumba ambayo mume hayupo. Aliifungua mbele yetu sote, akatuita tuone. Kwenye ubao wa umeme palisimama vikopo vidogo vingi, vya kimo cha ncha ya kidole, na viwili kati yake vimevimba vichwa.

Vikopo hivyo huitwa kapasita, na kazi yake ni rahisi kwetu kuifahamu, sisi tuliozoea maji ya mfereji kuja na kukatika. Umeme wa ukutani hauji kwa utulivu. Huja kwa mawimbi, 50 kila sekunde. Lakini viungo vya ndani vya televisheni vyataka umeme mdogo na mtulivu, wa volti 5 au 12 au 24. Ubao wa umeme huupunguza ule mkubwa na kuunyoosha, na kapasita hufanya kazi ya tangi la juu ya dari: huujaza, kisha huutoa kwa kipimo, ili mferejini maji yasikatike hata yanapokatika barabarani. Tangi likitoboka, ukifungua mfereji maji huja kwa nguvu kisha hukatika. Kapasita ikikauka kwa joto na umri, umeme hufika, televisheni huamka, na kule kuamka huhitaji nguvu ambayo tangi haina tena. Umeme huanguka, na televisheni huzimika ili kujikinga. Mzigo ukitua, umeme hupanda, nayo huamka tena. Huko ndiko kujizima na kujiwasha. Zikishapata joto kidogo, kapasita zilizochoka hupata nguvu kidogo, ndiyo maana baada ya mara ya sita ikatulia.

Fundi akazitoa zile mbili, akatia mpya zenye kipimo kile kile cha ujazo, na volti zisizopungua zile za mwanzo. Akatuonesha mstari mweupe ubavuni mwa kila moja, akatueleza kwamba ule ni upande wa hasi, na mwenye kuugeuza atasikia mlipuko. Akachagua zile zilizoandikwa nyuzi 105 za joto. Bei ya zote mbili haikufika bei ya pakiti ya unga. Ujira wake ulikuwa shilingi 800. Televisheni ikawashwa, ikawaka mara moja, ikakaa.

Amana ya fundi na amana ya mwenye chombo

Hapa tuna neno kwa mafundi, kwani wako miongoni mwao wanaolisoma gazeti hili, au wake zao hulisoma. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikakuta unyevu chini na ukavu juu. Akamkemea mwenye nafaka kwa kuificha kasoro, na akamtoa mdanganyifu katika safu yake. Fundi asemaye "bodi imekufa" na hali ajua kwamba ni kapasita mbili, huyo ameweka ukavu juu na unyevu chini. Na anayetoa kiungo kizima katika chombo cha mtu na kutia kilichochoka, huyo ameiba, ingawa mwenye chombo hatajua mpaka Siku ya Kiyama.

Na mwenye chombo naye ana wajibu wake. Apatane ujira wa ukaguzi kabla ya kufunguliwa. Aombe kuoneshwa kiungo kilichotolewa. Ikibidi televisheni ichukuliwe, aandike nambari yake iliyoko mgongoni, na apige picha. Aulize ni muda gani fundi atasimama na kazi yake. Ikiwa chombo kingali katika muda wa dhamana, kirudishwe dukani, kisifunguliwe na mtu mwingine. Kisha amlipe fundi ujira wake wote kabla jasho halijakauka, asimwambie "ni kapasita mbili tu" ili apunguze. Hakulipwa kwa vikopo viwili, alilipwa kwa kujua ni vipi.

Tena si kila chombo hustahiki kutengenezwa. Kioo kilichopasuka, aghalabu bei yake hukaribia bei ya televisheni nzima, na fundi mwaminifu atakuambia uache. Lakini kutupa chombo kizima kwa ajili ya kapasita mbili ni israfu, na sote twajua wafujaji wametajwa kuwa ndugu wa nani.

Simu iliyobaki

Fundi alipokwisha kuondoka, mama alikaa kitambo akitazama vile vikopo viwili vilivyovimba, amevishika kiganjani. Kisha akasema, "Maalim, na wifi je?"

Alitaka sisi tupige simu. Tukakataa kwa upole. Suratul Hujurat, ambayo twaisomesha watoto wetu madrasa, inatuamrisha tuithibitishe habari kabla ya kumdhuru mtu nayo, na inatuepusha na dhana. Yeye aliifuata dhana, akaipeleka kwa mpiga ramli, kisha akaipeleka kwa mumewe. Aliyeipeleka ndiye wa kwenda kuirudisha.

Akapiga. Sisi tulitoka barazani, lakini nyumba zetu kuta zake ni nyembamba, na hatutajifanya hatukusikia. Alieleza yote, hata ramli. Kikapita kimya kirefu. Baadaye, akilia, alitueleza aliyojibiwa. Wifi alimwambia kwamba siku ile alikuja kwa haja. Dawa za presha za mama mzee zilikuwa zimekwisha, fedha za kaka zimechelewa mwezi ule, naye alikusudia kumuomba wifi yake pembeni amkopeshe. Alipofika akaona televisheni mpya, na wageni wako, akashindwa kuomba, na uchungu ukamtoa lile neno. Alijuta kabla hajafika nyumbani, ndiyo maana alikuwa akipiga simu zisizopokewa. Tangu siku ile bi mkubwa alikuwa akimeza dawa siku moja na kuruka siku ya pili, ili zilizoazimwa kwa jirani zifike mwisho wa mwezi.

Shilingi 3,500 za mpiga ramli zingeliingia katika dawa hizo. Mama yule aliyasema hayo mwenyewe, hatukuhitaji kumwambia. Asubuhi yake alipanda matatu na watoto wote wanne kwenda kumtazama mama mkwe. Mume naye alipiga simu kwa dada yake usiku ule ule, na fedha zikarudi njiani.

Wapenzi wasomaji, neno la wifi lilikuwa baya, na alilikubali. Lakini lilikuwa kama ile tap ya televisheni: ishara ya jambo lililochoka ndani, ambalo mwenye kuuliza angelijua. Siku kumi na mbili hakuna aliyeuliza. Tukisikia neno la jamaa likatuchoma, tumuulize mwenyewe, "Una nini, ndugu yangu?" kabla ya kumuuliza mwingine yeyote habari zake.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mola. Nasi tusome kinga zetu asubuhi na jioni, kisha tukaze plagi zetu.

Ewe Mola wetu, zisalimishe nyoyo zetu na dhana mbaya, waunge waliotengana miongoni mwetu, waponye wagonjwa wetu, na utujaalie kuwa wenye kushika amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.